Mrejesho: Krismasi ya Tukuyu na hofu yangu ya chakula

Wapendwa, mwanzoni mwa Desemba niliuliza nifanyeje, maana kila nikila sherehe najiona mkosaji, kesho yake nashinda na njaa kujiadhibu. Mlinijibu mengi. Nililoshika ni moja: kunywa chai asubuhi kila siku, hata kama jana nilikula sana.

Nimerudi jana na basi kutoka nyumbani Tukuyu, mkoani Mbeya. Tarehe 25 mama alipika pilau la mchele wa Kyela, ndizi za nyama, na parachichi za pale nyuma ya nyumba. Zamani ningefika mezani sijala tangu jana, halafu nifakamie mpaka tumbo liume, kisha nijifungie chumbani kulia. Safari hii nilishakunywa chai na viazi vitamu saa mbili. Nilipakua sahani moja, nikaongeza ndizi kidogo, nikatosheka. Sikuamini.

Shangazi hakuniangusha: "Mwanangu, mbona umenenepa hivyo?" Mbele ya watu! Nikamjibu kama mlivyonifundisha, "Shikamoo shangazi, za siku nyingi?" Akacheka, akahamia kwa kaka na habari za kuoa. (Pole yake.)

Tarehe 26 niliteleza. Mvua ilinyesha kutwa, nikaruka chai, na usiku nikamaliza maandazi nimesimama jikoni. Hatia ikarudi palepale. Nikamwambia dada. Hakunipa ushauri wowote, alinisogezea kigoda tukamenya maharage mabichi.

Mliosema nimwone mshauri wa hospitali, nimepanga kwenda Jumatatu. Ndaga fijo (asanteni sana, kwa Kinyakyusa).