Ashua wa "Kigogo": tamaa, au tabaka?

Kila tamthilia ya "Kigogo" ya Pauline Kea inapojadiliwa, Ashua huhukumiwa upesi kuliko wahusika wengine wote. Hoja inayorudiwa ni kwamba Sudi, mchonga vinyago, ni maskini na bado ana msimamo. Mkewe Ashua naye ni maskini vilevile, mbona akapige magoti kwa Majoka, mtawala wa Sagamoyo? Basi ana tamaa. Mimi napinga, na nataka tubishane kwa kutazama yanayotendeka Sagamoyo.

Kenga, mshauri wa Majoka, anamfuata Sudi karakanani. Anakuja na keki ya uhuru, anataka kinyago cha shujaa kichongwe, na ahadi ya donge nono iko mezani. Boza, mchongaji mwenzake, anakubali. Sudi anakataa katakata, hata keki haigusi. Ni uamuzi wa heshima, siubezi. Lakini angalieni umetokea wapi: kwenye kazi yake mwenyewe, vifaa mkononi, wenzake wakimwona, na mkubwa ndiye aliyemjia na shida. Sudi ni fukara, ila ana ufundi ambao utawala unauhitaji. Huo ndio unaompa nafasi ya kusema hapana.

Ashua hana nafasi hiyo. Amesoma hadi chuo kikuu na ajira hana. Soko la Chapakazi limefungwa, watoto wana njaa. Mume kakataa hongo, sawa kabisa, lakini anayeulizwa chakula kiko wapi ni mama. Anakwenda ofisini kwa Majoka, na huko mwombaji ni yeye. Majoka anamtaka kimapenzi. Husda, mke wa Majoka, anawakuta, wanawake wanapigana, na anayebaki kizuizini ni Ashua. Tunamuuliza Ashua alifuata nini pale, lakini Majoka, aliyeifanya shida ya mtu kuwa mtego, tunampita kimya.

Kisha uhuru wake unawekewa bei: aachiliwe iwapo Sudi atachonga kinyago. Kwangu hapa ndipo tabaka linapojitokeza waziwazi katika tamthilia nzima. Mke wa mlalahoi amewekwa rehani ili ufundi wa mumewe upatikane. Husda amepigana vilevile, lakini yeye ni mke wa Majoka. Yeye hakuwekwa rehani.

Nakubali kwamba Ashua anapomdai Sudi talaka anaumiza mtu asiyestahili. Hasira ile ilimfaa Majoka. Ila Majoka ana walinzi, Sudi hana. Ukali wa wanyonge mara nyingi humwangukia aliye karibu.

Wengine watanitajia Tunu, mtoto wa maskini, msomi, asiyeyumba. Namheshimu sana. Hata posa ya mwana wa Majoka aliikataa, na ujasiri wake uliishia kumponza akaumizwa mguu. Lakini Tunu alilipa kwa mwili wake mwenyewe. Hakuwa na watoto wa kulipa pamoja naye. Kumpima Ashua kwa kipimo cha Tunu ni kusahau kwamba umaskini wa mama mwenye watoto hauko sawa na wa binti asiye nao, hata kama wanaishi mtaa mmoja.

Anayesema Ashua ni tamaa tu anijibu hili: soko likiwa limefungwa na watoto wana njaa, ni mlango gani mwingine uliokuwa wazi kwake Sagamoyo?