Krimu au magnolia sebuleni? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Nyumba imefika hatua ya rangi, na mimi na mke wangu tumekwama kwenye mbili: krimu na magnolia. Kwenye kikadi cha dukani ni mapacha. Juzi fundi kapaka kipande cha kila moja ukutani, ndipo tukaona krimu inavuta unjano na magnolia inavuta wekundu kwa mbali. Mwenzangu anataka magnolia, mimi moyo uko kwenye krimu. Mliopaka, mnazionaje leo?

Mama Wawili: Mimi nilipaka krimu chumba kinachopigwa na jua la jioni. Ikifika saa kumi, ukuta wa upande wa kitanda unawaka kama embe bivu, macho yanachoka. Nikarudia kwa magnolia, sasa napumzika.

Wa Makambako: Huku kwetu baridi na ukungu, jua tunaliomba. Krimu bila kufikiri mara mbili. Ukiingia ndani unahisi kuna moto umewashwa.

Fundi Rangi: Mkuu, rangi ya maji ikikauka inakolea kuliko ilivyokuwa mbichi, usihukumu siku ileile. Halafu taa. Balbu nyeupe ya 6500K inaifubaza krimu, na magnolia inapoteza ule wekundu wake. Ya njano ya 3000K inazifanya zikaribiane tena. Mteja mmoja aligoma kunilipa, akiamini nimechakachua rangi aliyoichagua mchana. Nilirudi usiku na balbu ya njano mfukoni, nikapanda kwenye stuli, nikaibadili mbele yake. Aliutazama ukuta kimya, akaupapasa, kisha akaniambia, "Fundi, nisamehe." Ndoo nazo, kama dukani wamekuchanganyia siku tofauti, zimimine zote kwenye pipa moja ukoroge kabla ya kuanza. La sivyo, pale ndoo ya kwanza ilipoishia pataonekana.

Binti Tanga: Angalieni na sakafu jamani. Vigae vyangu ni vyeupe pee, magnolia ikageuka waridi kabisa. Kwa dada yangu, rangi ileile juu ya vigae vya kahawia imetulia, mpaka nikamwonea wivu.

Mwenye mada: Asanteni sana. Jana usiku tumewasha taa tukakaa chini kwenye saruji, tukavitazama vile vipande viwili hadi saa nne. Sebule ina mwembe mbele ya dirisha, jua haliingii, kwa hiyo pale ni krimu. Chumba chetu kinatazama magharibi, mama kashinda, magnolia. Fundi, chumba cha futi 12 kwa 12, kuta futi 10, kitakula galoni ngapi?

Fundi Rangi: Lita moja hupaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Ukitoa mlango na dirisha, kuta zako ni kama mita 40, mikono miwili ni 80. Nunua galoni mbili za lita 4, na kama ukuta unanyonya, ongeza lita moja.