MREJESHO: Fibroidi iliyochomwa kwa joto, inarudi?

Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza kama fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, iliyochomwa kwa joto la mawimbi ya sauti inaweza kuota tena. Nimemwona daktari wa kina mama hapa Moshi, na picha zangu za MRI. Hakuhangaika sana na ukubwa. Alinionyesha ukingo mmoja wa uvimbe unaong'aa pichani. Pale damu bado inapita. Sehemu iliyokufa hata dawa ya kupigia picha haiingii, inabaki nyeusi tii. Kinachoota tena ni hicho kilichobaki hai, na kwa umri wangu homoni za kukilisha bado zipo. Nitarudia picha, ila hedhi ikianza tena kutoka mabonge nisisubiri tarehe.