Mrejesho: Barua kwa wanangu kuhusu Njombe

Wapendwa, mrejesho kama nilivyoahidi. Mwezi wa tano niliuliza: nimehamishiwa Njombe kikazi kutoka Tanga, wanangu wawili wamebaki kwa bibi yao hadi Desemba, niwaandikie nini kuhusu huku bila kuwatisha? Wengi mlisema nisiwapambie. Nikawasikiliza.

Niliandika kurasa mbili. Niliwaambia kuna asubuhi za Julai nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi. Kwamba chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani imeganda kama samli, kila asubuhi naitumbukiza kwenye kikombe cha maji moto ndipo nijipake. Na maharage! Huku ni juu, karibu mita 2,000, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, basi sufuria inakaa jikoni mpaka unasahau ulikuwa unapika nini. Nikawafundisha na salamu, "Kamwene".

Yule aliyenishauri nilale na jiko la mkaa chumbani, samahani ndugu yangu, hapana. Hewa yake inaua kimyakimya. Nimenunua blanketi la pili.

Majibu yamekuja juzi. Mkubwa anataka kujua kama kuna uwanja wa mpira. Mdogo kaandika mstari mmoja tu: "Mama, huko kuna samaki?" Nimemwambia wapo, wilaya ya Ludewa, humu humu mkoani, iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Sasa natafuta sweta la mtumba la mtoto wa miaka saba, lenye kofia.