Kidole cha Ma'mdogo kimekataliwa
(Kikundi: UKOO MIKINDANI 🌴)

Ma'mdogo Somoe: Hamjambo wanangu. Simu inataka niweke "ufunguo wa siri" (passkey) kwenye akaunti ya Google, eti niwe naingia bila paswedi. Nimebonyeza kidole mara tano inagoma. Ndo nishafungiwa?

Tunu: Shikamoo ma'mdogo. Umetoka kubangua?

Ma'mdogo Somoe: Marhaba. Toka alfajiri, hata mikono sijanawa vizuri

Selemani: Basi ndo hiyo. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, mistari ya kidole inafutika. Si mnakumbuka Januari 2020 kusajili laini kwa alama za vidole? Mama alirudishwa mara tatu na kitambulisho anacho mkononi

Tunu: Achana na kidole. Hapo chini pameandikwa "Tumia PIN". Weka namba unayofungulia simu kila siku

Ma'mdogo Somoe: Si wataijua hao Google?

Tunu: Hawaioni. Namba na kidole vyote vinaishia humohumo kwenye simu, kazi yake kuuamsha ule ufunguo tu. Wao wanapokea uthibitisho kwamba ufunguo ni wako. Hata yule tapeli wa "nitajie paswedi yako", ufunguo huu huwezi kumtajia

Anko Mshamu: Mimi na paswedi yangu mpaka kaburini. Nimeiandika nyuma ya kalenda ya AMCOS, chama chetu cha ushirika

Tunu: Anko 😂 kalenda iko sebuleni, Idi tuliisoma wote

Anko Mshamu: Nyie watoto hamna adabu

Selemani: Simu ikizama je? Yangu imebaki kwenye maji ya Msanga Mkuu

Tunu: Paswedi ya zamani bado ipo, utaingilia hiyo. Kwa hiyo msiisahau

Selemani: Kumbe paswedi haijafa 😏

Tunu: Haijafa. Ila kuna jambo jingine. Ma'mdogo, Rehema si aliweka kidole chake kwenye simu yako?

Ma'mdogo Somoe: Ndiyo, anaangalia katuni. Chake kinakubali haraka, hajabangua huyu

Tunu: Basi kidole chake kitafungua na akaunti yako. Waliotengeneza walidhani kila mtu ana simu yake. Google wenyewe wanasema usiuweke ufunguo huo kwenye simu mnayochangia

Selemani: Nyumba gani huku simu haichangiwi?

Ma'mdogo Somoe: Imekubali kwa namba!! Haya, kidole cha Rehema nakifuta wapi

Tunu: Mipangilio, Usalama, Alama ya kidole

Ma'mdogo Somoe: Nimefuta. Kanuna, chai hataki

Anko Mshamu: Mleteni kwangu, mimi simu yangu haina hayo mambo