Ati "fungua simu tuone salio"! Yule dalali wa dizeli Malindi leo amenivunjia heshima

NahodhaShela:
Wanajamvi, kahawa hata sijamaliza, mkono bado unatetemeka. Mnamjua. Yule wa kanzu ya krimu na simu tatu, anayejiita "mtu wa mafuta" na hajawahi kuonekana na hata debe. Leo barazani, mbele ya wazee, mbele ya BABA MKWE WANGU, kaninyooshea kidole: "Fungua simu tuone salio."

Salio! Mimi!

Tunanunua dizeli kwa pamoja, wenye mashua na jamaa wa barafu, lori zima, maana kusi linaisha na kila mtu anataka kurudi baharini. Pesa ziko benki, tenki limekaushwa, pampu ipo. Nikamuuliza la kawaida tu: mzigo uko depo gani, yaani ghala gani la mafuta, umeandikwa kwa jina la nani, na mwenye jina ana leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati na mafuta nchini? Akanionyesha picha ya meli. Meli, jamani, na nyuma yake milima ya theluji! Theluji ya Kipevu hiyo, pale gati la mafuta Mombasa? Kisha akasema dizeli yake inatoka moja kwa moja kiwandani Changamwe. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013! Tangu hapo dizeli inaingia nchini ikiwa imeshasafishwa, inashushwa bandarini Mombasa. Nilipomwambia hivyo ndipo akawageukia wazee: "Huyu hana kitu. Afungue simu tuone salio."

Baba mkwe akainamia kikombe chake. Hakunitazama tena mpaka tukaachana.

Barua ya benki nitatoa, benki yangu iongee na benki ya muuzaji, sina la kuficha. Lakini kwanza depo yenyewe ithibitishe mzigo, kwa simu ya depo, si simu ya shemeji yake. Na bado anataka "ada ya kuonyeshwa mzigo" kabla! Nilipe nione tenki, halafu mimi ndiye nifungue simu?

BintiMaweni:
Ndiye huyo huyo! Ndugu yangu alitumiwa picha ya lori, namba ya gari imezibwa na kidole gumba. Kuulizwa karatasi ya kupakia, ati imeloa mvua. Mvua ya Malindi mwezi wa pili!

KasaMzee:
Ungefungua tu simu yakaisha. Au salio lilikuwa la kununulia kibiriti?

NahodhaShela:
KasaMzee umesoma lakini? MBELE YA BABA MKWE. Hata ningekuwa na mamilioni kumi mle ndani, salio la mtu halisomwi barazani.

DerevaWaTenka:
Nyinyi wanunuzi nanyi mnyamaze kidogo. Nilipeleka mzigo mpaka Mokowe, kule gatini pa kuvukia Lamu, mnunuzi kaapa tenki tayari, pesa tayari. Tukapaka kijiti ile dawa ya kupimia maji, tukakichovya, kikatoka chekundu. Tenki lake lina maji na anataka nimwage dizeli humo! Pesa nazo "kesho". Nimelala juu ya mzigo mpaka mbu wa Mokowe wakanijua kwa jina. Siku ya kushusha akadai lita zimepungua. Nimepakia Mombasa jua la mchana, yeye anapima alfajiri! Dizeli ikipoa inasinyaa, ndiyo maana kipimo huenda na kipimajoto. Lakiri za tenka zote nzima, hakuna iliyokatwa, na bado ananiita mwizi mbele ya utingo wangu.

BintiMaweni:
Pole dereva. Hiyo ni mbaya kuliko ya salio.

NahodhaShela:
Mbaya kuliko vipi?? Utingo ni baba mkwe?

MkaziWaAmu:
Afadhali nyinyi mnaogombania malori. Huku EPRA ikitangaza bei tarehe 14, ikiwa imepanda, wenye boti wanapandisha nauli usiku huo huo. Ikishuka wote viziwi.

FundiLangoni:
Wewe walia boti? Mimi mwenye punda kanipandishia bei ya kubeba mchanga "kwa sababu ya dizeli". Punda, ami! Nimemuuliza anaitia wapi.

KasaMzee:
Na mchanga wenyewe una chumvi. Ukuta wangu umechubuka wote.

FundiLangoni:
Ukuta wako umechubuka kwa sababu hukutaka kulipa chokaa nzuri. Nilikwambia, nyumba ile ni ya matumbawe, saruji haikai.

NahodhaShela:
Jamani, mada ni salio. Yule mtu kesho atakaa pale pale barazani.

MkaziWaAmu:
Fundi, nani anauza chokaa nzuri sasa hivi? Ya mara ya mwisho ilikuwa majivu matupu.

DerevaWaTenka:
Boti ya mwisho Mokowe leo saa ngapi? Niko Witu.