Ripoti ya saratani ya kibofu inasema misuli haikuonekana: kwa nini baba arudiwe upasuaji?

Swali

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kwa mwenye ujuzi. Baba yangu alianza kukojoa damu bila maumivu yoyote, na alipochunguzwa kwa kamera akakutwa na uvimbe ndani ya kibofu cha mkojo, ambao ulikwanguliwa kupitia njia ya mkojo. Majibu ya maabara yanasema ni saratani ya utando wa kibofu, daraja la juu (yaani seli zake ni kali), hatua ya T1, na mwishoni kuna mstari mmoja usemao kwamba misuli ya kibofu haikuonekana katika sampuli. Sasa daktari anataka akwanguliwe tena ndani ya wiki chache, na ametudokeza kuwa huenda kibofu kikaondolewa chote. Baba ananiuliza, nami sina jibu: ikiwa uvimbe ulishatolewa, kinachotafutwa tena ni nini? Na kibofu kikiondolewa, mkojo utapita wapi?

Jibu la 1

Pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni kusoma sampuli za namna hii kwa darubini, hivyo nitajibu sehemu ya ripoti tu. Ndani kabisa ya kibofu kuna utando unaogusana na mkojo, ambamo ndimo saratani nyingi za kibofu huanzia. Chini yake kuna tishu laini yenye mishipa midogo ya damu. Kisha huja misuli minene inayojikaza mtu anapokojoa, na nje yake mafuta. Uvimbe uliokomea kwenye utando huitwa Ta, uliopenya hadi tishu laini huitwa T1, na ulioingia kwenye misuli huitwa T2. Mpaka kati ya T1 na T2 ndio unaobadilisha matibabu yote.

Sampuli hutufikia ikiwa vipande vipande, vimejikunja, kingo zake zimeungua kwa umeme wa kifaa cha kukatia. Nikikuta humo mafungu manene ya misuli yasiyo na seli za saratani, naandika T1 bila wasiwasi. Nisipoyakuta, T1 huwa na maana ya “angalau T1”, kwa kuwa sikuletewa tabaka ambalo lingenionyesha kama saratani imeshuka zaidi. Isitoshe, ndani ya ile tishu laini zimo nyuzi nyembamba za misuli ambazo si misuli yenyewe ya kibofu, na msomaji asiye makini akizichanganya, mgonjwa wa T1 huandikiwa T2. Kwa maoni yangu, mstari ule ulistahili kuwekwa juu kabisa ya ripoti. Ulizeni pia kama imetajwa saratani bapa ya utando, ile isiyoota kama uvimbe, maana ni rahisi kamera kuipita.

Jibu la 2

Naongeza kwa upande wa upasuaji. Hata kama misuli ingeonekana, T1 ya daraja la juu kwa kawaida hukwanguliwa tena kati ya wiki 2 na 6, kwa sababu mabaki ya saratani hukutwa mara nyingi palepale pa mwanzo. Ikithibitika kuwa ni T1, wengi hutibiwa kwa BCG, yaani bakteria walewale wa chanjo ya kifua kikuu, ambao huingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba wa kupitisha mkojo mara moja kwa wiki kwa wiki 6, kisha dozi za kuendeleza hadi miaka 3. Njia hii ilielezwa na daktari Alvaro Morales na wenzake mwaka 1976.

Ikiwa ni T2, matibabu yaliyozoeleka ni kuondoa kibofu kizima, na kwa mwanamume tezi dume pia, pamoja na tezi za limfu za nyonga. Figo zikiruhusu, upasuaji huo hutanguliwa na dawa za kemotherapi zenye dawa iitwayo sisplatini. Wapo wagonjwa wanaofaa kubaki na kibofu chao kwa kukwanguliwa kikamilifu, mionzi na kemotherapi kwa pamoja, na ni haki ya baba kuuliza kama yumo.

Kuhusu mkojo, njia rahisi zaidi ni kukata kipande cha utumbo mwembamba, takriban sentimita 15, kuunganisha mirija ya figo upande mmoja na kutokeza upande wa pili kwenye ngozi ya tumbo, mkojo uingie kwenye mfuko. Njia nyingine ni kushona kibofu kipya kwa utumbo mrefu zaidi, ili mtu akojoe kwa njia yake ya kawaida. Watu huvutiwa na kibofu kipya wanaposikia habari zake, lakini hakimpi mtu haja ya kukojoa kama cha awali, huvuja usiku, na wengine hulazimika kujiwekea mpira.

Jibu la 3

Mimi naishi na mfuko. Ikifikia hapo, hakikisheni muuguzi anachora alama ya mahali pa tundu la kutolea mkojo tumboni kabla ya upasuaji, baba akiwa ameketi, amesimama na ameinama, kwani tundu likiangukia kwenye mkunjo wa ngozi au penye mkanda, mfuko hubanduka na kuvuja. Msishtuke kuona utelezi mweupe kwenye mkojo. Hutolewa na ule utumbo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Baba bado anavuta sigara. Kuacha sasa kuna faida?

Jibu la 2

Ipo. Sumu za moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni pamoja na mkojo, na anayeendelea kuvuta huongeza uwezekano wa saratani kurudi. Aache kabla ya upasuaji wa pili. Hata mapafu yatahimili nusukaputi vizuri zaidi.